Leo Iko mu Magoti

Mimi nakumbuka majina. Nikikutana na mtu mara moja tu sokoni Ngungu, hata kama alikuwa anauza chumvi na hatukusalimiana vizuri, miaka kumi baadaye nitamuita kwa jina lake, na jina la mtoto aliyekuwa mgongoni kwake siku ile. Lakini jina la mtu ninayemuandika hapa silitaji. Alinikataza mwenyewe. Alisema: "Mama, ukitaja jina ya mulinzi, watu watatafuta mulinzi. Waache watafute moto." Basi kijiji kizima tulimuita Papa Mulinzi, na hivyo ndivyo alivyoitika.

Alikuwa mlinzi wa mashimo. Kijiji chetu kiko chini ya Sake, ukielekea Bweremana, juu ya mawe meusi ambayo volkano iliyatapika kabla ya bibi ya bibi yangu. Kati ya mawe hayo kuna mabonde madogo, mengine kama nyumba, mengine kama uwanja wa kanisa. Ndani yake majani ni mabichi mwaka mzima, upepo haupiti, na wakati wa baridi kuna joto. Mgeni akiliona shimo atasema: hapa Mungu ametutandikia.

Humo ndimo inakaa mazuku. Ni pumzi ya tumbo la volkano, inatoka chini polepole, haina rangi, haina harufu. Ni nzito, inajaa shimoni kama maji kwenye karai. Jua likipanda na upepo ukija, inapungua. Asubuhi baada ya mvua ndipo inajaa. Utaona ndege amelala na mabawa wazi kama aliyechoka. Utaona mbuzi amepiga magoti. Ukiinama kumfungua kamba, nawe umebaki. Zamani tulisema ni pepo. Yeye alisema: "Pepo anachagua muntu. Iyi haichagui."

Kila asubuhi alikuwa na fimbo ndefu, na kwenye ncha yake mkebe wenye kitambaa kinachowaka. Alisimama ukingoni, akashusha mkebe shimoni polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Moto ukilala na kufa, aliangalia kwenye fimbo umefia wapi. Kisha akazunguka akipaza sauti:

"Leo iko mu magoti! Leo iko mu magoti!"

Ikiwa mu magoti, watoto hawashuki. Ikiwa mu kiuno, hakuna mama wa kuinama kukata majani. Ikiwa mu kifua, hata njia ya mbuzi imefungwa. Tulipata habari ya volkano hivyo, kwa mwili.

Siku moja Mama Maombi, jirani yangu mwenye ulimi wa pilipili, akamsimamisha njiani. Mama Maombi alikuwa mfupi, na Papa Mulinzi alikuwa mrefu kama mkaratusi.

"Papa Mulinzi, magoti ya nani? Ya kwako ao ya kwangu? Kwa sababu magoti yako njo kifua yangu!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Alitembea na neno hilo kutwa nzima. Kesho yake alikuja kwa Mama Maombi, akamuomba mtoto wake mdogo aliyekuwa anaanza kutembea, akamsimamisha kando ya fimbo, akakata alama kwa kisu kwenye magoti yake, kiuno chake, kifua chake.

"Tangu leo," akasema, "magoti njo ya huyu."

Mtoto alikua, akawa kijana mwenye ndevu. Fimbo ilivunjika na kubadilishwa mara nyingi. Alama zilibaki pale pale.

Majina hayakukaa kichwani mwake. Mimi nilikuwa "Mama wa Majina", basi. Mama Maombi alikuwa "yule wa pilipili". Binti yangu Feza aliyezaliwa akimuona kila siku alikuwa "mutoto wa kicheko". Nilimgombeza: "Papa, unajua kila shimo ya inchi iyi na haujui jina ya mutoto wangu?" Akajibu: "Shimo haibadilishi sura, Mama. Watu wanabadilisha."

Alitoka Walikale, mu pori, kwa watu wa mitego. Kwao, alituambia, mwindaji akitega njiani ni lazima avunje tawi, alilaze kuvuka njia, ncha ikielekea mtego. Kutega bila alama ni kumtega ndugu yako. Alipofika kwetu na kusikia habari za mashimo, kitu kilichomshangaza si mazuku. Alishangaa kwamba hakuna tawi. Akasema mulima umetega bila alama, basi mtu auwekee. Akakata matawi siku nne, akayalaza kuzunguka kila shimo, kila tawi na alama ya kisu chake kwenye ganda.

Sisi watu wa milima ya Masisi, watu wa maharagwe, tuliona kuni. Wiki haikuisha, hakuna tawi lililobaki. Akamkuta Mama Maombi anapika bugali, akachungulia chini ya sufuria.

"Mama, uko unapika alama yangu."

"Papa, alama yako inawaka muzuri. Leta ingine."

Alikaa chini, akala hiyo bugali. Baadaye akajaribu vitambaa vyekundu; watoto wakavifanya mikia ya vishada. Ndipo alipopata jante, kile chuma cha gurudumu, ya lori lililokufa barabarani, akaitundika kwenye mkaratusi karibu na kanisa, akawa anaigonga kwa nyundo siku ambazo moto unafia kiunoni au juu yake. Jante hakuna wa kuipika. Ilisikika mpaka ziwani.

Nikisema alikuwa mtu wa kulinda pumzi za watu, msifikiri alizilinda za kwake. Alivuta tumbaku iliyokunjwa kwenye karatasi ya gazeti, akakohoa kama injini. Hakuingia kanisani hata siku moja, lakini misa nzima alisimama nje chini ya ukingo wa bati, mvua ikimnyeshea bega, akiimba sauti ya chini kuliko wanaume wote walio ndani. Mukatekisita alimuita mara nyingi. "Nikiingia, nani ataangalia mashimo? Mazuku haina siku ya Mungu." Na ziwa aliliogopa. Mwaka mmoja vita vilitukimbiza kwenda Bweremana, tukapata nafasi mu mutumbwi. Yeye alikataa kabisa. Alikuja kwa miguu, siku mbili, kando ya maji, na mkebe wake begani.

Wale wa mjini wanaopima volkano walikuja wakati fulani na ubao wa rangi. Watu wazuri, walikaa kwenye viti vyetu vya mbao, walisikiliza. Kijani, njano, machungwa, nyekundu, na mshale wa kuzungushwa kadiri volkano yetu Nyiragongo inavyochemka. Papa Mulinzi alipewa kuutunza. Mshale ulikaa kwenye njano miaka na miaka. Kila asubuhi aliufuta vumbi, akasema: "Njano njo rangi ya mugonjwa asiyekufa na asiyepona."

Walituambia pia habari ya ziwa. Kwamba moto ukishuka mpaka majini, au inchi ikitetemeka sana, ziwa linaweza kutoka mahali pake, mawimbi makubwa yakaja, na gesi iliyolala chini ikaamka. Tuache ukingo, tupande mulima. Mzee Bauma, ambaye vita vilikuwa vimemchukulia wana wawili, akanyoosha mkono.

"Ku mulima njo iko vita. Mu mashimo iko mazuku. Mu ziwa iko hiyo mawimbi yenu. Sasa mutuonyeshe ku ubao: siye tusimame wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja kati ya wale wageni aliandika swali kwenye daftari yake, akafunga daftari, akasema hajui, atauliza. Papa Mulinzi alimpenda sana kwa hilo. "Huyu njo muntu ya kweli. Hajui, na anasema hajui."

Walituachia karatasi zenye picha. Yeye hakujua kusoma, mimi nilisoma miaka mitatu, basi nilimsomea, kidole chini ya kila neno. Alichukua karatasi, akaangalia picha ya mtu anayekimbia kupanda mulima. 

"Uyu muntu wa karatasi hana mutoto ku mugongo," akasema. "Hana mbuzi. Hana mama yake muzee wa kushika mukono. Uyu atafika."

Na alikuwa na neno moja alilolirudia, na ndilo linalonichoma mpaka leo. Alisema: "Risasi inataka ulale. Mazuku inataka usimame. Muntu wa hapa ana walimu wawili wenye kugombana." Alilisema akiwa anavuta tumbaku yake, tukaitika kwa kichwa. Alilisema yeye mwenyewe, na hakulisikia.

Ilikuwa wakati wa mvua. Vita vilikuwa vimeshika Ngungu, na watu walishuka kwetu na magodoro kichwani. Walikuwa na siku tatu tu kijijini, vibanda vyao bado majani mabichi. Papa Mulinzi alisema atawaeleza habari ya magoti na kiuno siku ya Mungu, baada ya misa, wakiwa wote pamoja.

Asubuhi ile moto ulifia kiunoni, tena si shimoni tu, hata kwenye njia ya maji inayopita ukingoni. Wageni walikuwa njiani na bidon zao za maji, na Feza pamoja nao, kwa sababu alikuwa anawaonyesha kisima. Papa Mulinzi alikimbia kwenye mkaratusi, akagonga jante. Wakati uleule, mbali huko juu, risasi mbili zikalia.

Huko walikotoka, chuma kikigongwa ni kusema askari wameingia. Wakafanya kile kilichowaokoa mara nyingi. Walitupa bidon, wakakimbilia mahali pa chini, wakalala juu ya watoto wao.

Nilipofika, bidon zilikuwa zimelala njiani, maji bado yanatoka. Wanaume walikuwa wanawavuta kwa kamba na ndoano, wakishika pumzi. Nilikiona kitenge cha Feza kutoka juu. Na jante ilikuwa bado inalia. Alikuwa bado anagonga, amefumba macho, anagonga. Nilimwendea, nikamshika mkono wa nyundo, nikamwambia: "Umewaita waende kufa."

Hayo yalikuwa maneno yangu ya mwisho kwake kwa miaka mingi.

Walikuwa sita. Siku ya kuzika, wale watano hakuna mtu wa kijiji aliyejua jina lao, basi nilizunguka kwa ndugu zao nikauliza. Riziki. Mtoto wake Asifiwe. Bahati aliyekuwa fundi wa viatu. Sifa na dada yake Maheshe. Na Feza wangu.

Baada ya hapo aliishusha jante, akaiweka chini nyuma ya nyumba yake, kuku wakawa wanakunywa maji ndani. Hakupaza sauti tena. Alipima kila asubuhi, kisha akapita mlango kwa mlango, akamwambia kila mtu kwa mdomo. Kazi ya dakika chache ikawa ya mpaka jua kuwaka. Na kwangu alikuja vilevile. Alisimama nje, kichwa chini.

"Mama, leo iko mu magoti."

Sikujibu. Nilimenya ndizi zangu. Alisubiri muda wa kumenya ndizi moja hivi, kisha akaenda. Kesho yake tena. "Mama, leo iko mu kiuno." Mvua, jua, vita, amani kidogo, vita tena. Mama Maombi aliniambia: "Weye mama, hata jiwe ingekuwa imeisha kumujibu." Nikamwambia jiwe halikuzaa Feza. Akachukua kisu cha pili, tukamenya pamoja.

Halafu, mwaka huu, asubuhi moja hakuja. Nilimenya ndizi zote. Jua likafika kwenye mti wa tatu wa ua. Ndipo nilijua kwamba nilikuwa nangoja.

Nilimkuta kitandani. Urefu wake wote ulikuwa umebaki mifupa. Fimbo na mkebe vimeegemea ukuta.

"Umekuya," akasema. "Leo sikupima. Miguu imekataa."

"Nimeona."

"Ukae, Mama. Niko na neno yako. Nimeibeba sana."

Nikakaa juu ya kigogo cha mlangoni, sikuingia zaidi.

"Siku ile," akasema, "yule mutoto wa kicheko alikuwa juu."

Sikuelewa.

"Feza." Mara ya kwanza kusikia jina hilo kinywani mwake. "Feza hakukimbia mu shimo. Alikuwa amesimama ku ukingo. Alijua kiuno, alijua yote. Nilimuona kutoka ku muti. Alikuwa anawapigia kelele: musimame! musimame! Na wao wanazidi kulala."

"Kwa nini?"

"Hawakumujua. Kwao sauti ya kusema simama njo sauti ya askari." Alikohoa. "Miye nikawaza hawasikii jante. Nikagonga nguvu. Nilivyogonga nguvu, njo walivyolala. Akaniangalia, Mama. Akashuka kumuinua ule wa kwanza kwa mukono. Ningeacha kugonga. Sikuacha."

Nje kuku walikuwa wanagonga midomo ndani ya jante. Miaka yote nilifikiri mtoto wangu alikufa kwa kuogopa, amelala kifudifudi kama aliyesahau nilichomfundisha.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nilikuja ku mulango yako kila siku."

Ilikuwa kweli.

Baadaye akasema, macho kwenye bati: "Feza angejua majina yao, wangesimama. Muntu akiitwa jina yake, anageuka. Hata mu vita. Hata mulevi. Kichwa yangu haishiki majina. Ya kwako inashika." Akaangalia fimbo pale ukutani.

Nilichukua fimbo.

Wiki ile walikuwa wamefika watu wengine kutoka upande wa Walikale, vibanda karibu na kanisa. Sikuanza na mazuku. Nilianza kuuliza majina, kibanda kwa kibanda, mpaka ya watoto wanaonyonya. Walidhani naandikisha msaada, wakanitajia hata wasiokuwepo. Nikarudia kichwani usiku kucha kama mtoto wa katekisimo.

Siku ya tatu mvua ilinyesha. Asubuhi moto ukafia kiunoni. Chini kwenye majani mabichi kulikuwa na wanawake watatu na mzee mmoja, wamekaa kwenye mteremko wa shimo, pahali pa joto, wanajaribu kuwasha moto usiotaka kuwaka.

"Neema! Mama Shukuru! Zawadi! Papa Mishiki!"

Wakageuka. Wakasimama, wote wanne, wakitafuta nani anaita. Zawadi, msichana wa mdomo mrefu, akapiga kelele: "Weye mama, unaniita kama nimekuibia kuku!"

"Upande juu unigombeze huku!"

Akapanda, amekasirika. Walipanda wote. Nilipomshika mkono sikuuachia, akaacha kunigombeza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Mulinzi. Mlango ulikuwa nusu wazi, amegeukia ukuta. Nikasimama nje kama yeye alivyosimama kwangu. Sikusema Papa Mulinzi. Nilimuita kwa jina lake, lile alilopewa kwao mu pori, ambalo alinitajia mara moja tu, wakati bado tunacheka pamoja, na akanikataza.

Aligeuka. Akashusha mguu mmoja, akatafuta ukuta kwa mkono, akasimama. Sijui alisimama na nini, miguu ilikuwa imekwisha kumkataa.

"Iko wapi?" akauliza.

"Mu kiuno."

"Wamesimama?"

"Wamesimama wote."

Akatikisa kichwa, akakaa tena. Maharagwe ya msimu ule yalikuwa hayajakauka tulipomzika, huko juu, mbali na mashimo, na mukatekisita alilazimika kusema ibada nje, kwa sababu sisi wote tulikataa kumuingiza kanisani, alikokataa kuingia akiwa hai.

Sasa napima mimi. Goti langu la kulia linaniuma, natembea polepole, na kila wiki vita vinaleta majina mapya. Mengine yanaanza kunichanganya, jambo ambalo halikuwahi kunipata. Mshale wa ubao bado uko kwenye njano. Naufuta vumbi. Kisha nasimama ukingoni mwa shimo kubwa, naita walio karibu, mmoja mmoja, mpaka nimewaona wote wamesimama.

Nikimaliza, naita Feza. Nasubiri muda wa kumenya ndizi moja, halafu narudi nyumbani.